Nilivyomrudishia Mzee wa Dodoma Mauzo Yake

Bosi aliponiambia nitengeneze ghala la data (hifadhi ya pembeni ya kutolea ripoti) la kampuni yetu ya kusambaza vinywaji, nilimjibu kwa kifua mbele: wiki mbili. Ilichukua miezi mitano hivi.

Awali ripoti zilichota moja kwa moja kwenye hifadhidata ya mauzo. Kila mwisho wa mwezi mhasibu akibonyeza kitufe, makeshia wanaganda na wateja wamejipanga hadi nje. Mshauri mmoja wa bei mbaya akasema tatizo ni seva, nunueni kubwa. Tukanunua, milioni kadhaa zikayeyuka, makeshia wakaganda kama kawaida! Dawa ilikuwa kunakili data kila usiku kwenda hifadhidata nyingine ya pembeni, ya PostgreSQL, ripoti zichote huko, basi.

Huko nikafuata muundo wa nyota wa Ralph Kimball, mtaalamu wa maghala ya data: jedwali la mauzo katikati, limezungukwa na wateja, bidhaa, wauzaji na tarehe. Mstari mmoja uwe bidhaa moja ndani ya risiti, usijumlishe risiti nzima. Siku bosi akiuliza soda ya chungwa peke yake, utanikumbuka.

Nikajiona fundi. Kisha ikaja simu ya mzee anayesimamia mauzo ya Dodoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mdogo wangu, mauzo yangu ya mwaka jana umeyapeleka wapi?"

Nikacheka, nikafungua ripoti, kicheko kikakata. Kweli yalikuwa yamepungua, na ya Mbeya yamenenepa. Mwaka jana umeshapita, unapunguaje? Nilikesha siku mbili nikikagua kila kitu isipokuwa penyewe. Kumbe muuzaji wake hodari alikuwa amehamishiwa Mbeya, nami nikafuta "Dodoma" kwenye mstari wake katika jedwali la wauzaji nikaandika "Mbeya". Kijana akahama na mauzo yake yote, hata aliyoyafanya kabla hajapanda basi.

Sasa sifuti kitu. Muuzaji akihama, mstari wa zamani naufunga kwa tarehe ya mwisho, nafungua mwingine wenye tarehe ya kuanzia na namba mpya ninayoitunga mwenyewe (namba ya ajira haifai, hiyo haibadiliki). Kila mauzo yanashika namba iliyokuwa hai siku ile. Ya nyuma niliyapanga upya kwa kupekua barua za uhamisho kwenye mafaili ya utumishi, vumbi tupu, mafua wiki nzima.

Angalieni na saa. Mfumo wetu ulitunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Ankara za malori yanayopakia kati ya saa sita na saa tisa usiku zilikuwa zinaangukia siku ya nyuma, na ikiwa tarehe mosi, mwezi wa nyuma kabisa. Geuza saa kwanza ndipo ukate tarehe.

Mzee wa Dodoma bado ananipigia. Ameshaona kwenye ripoti Mbeya inavyopanda, anauliza kama mfumo unaweza kumrudisha na kijana mwenyewe.