Kanga isiyo na siasa

Kampeni zikikaribia, wapo wanaoingia dukani na sharti moja: wapewe kanga isiyo na siasa. Muuzaji huvuta ya maua yenye methali, na biashara inaisha. Sawa, haina picha ya mgombea. Siasa imo vilevile.

Iko kwanza kwenye bei. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza 2005, bidhaa nyingi zilizokamilika kutoka nje zilipangiwa ushuru wa asilimia 25. Kanga, vikoi na vitenge vikapangiwa 50, ili viwanda vya ndani vipate kupumua. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, Dar es Salaam, kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Mnunuzi wa doti analipia uamuzi wa nani aumie mfukoni ili nani apate ajira. Unaweza kuuunga mkono au kuupinga, lakini huo ni uamuzi wa kisiasa.

Zanzibar jambo lilikuwa zito zaidi. Kaniki, ile nguo nyeusi, ilikuwa vazi la watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku 1897, wanawake wengi walioachwa huru waliitupa wakajifunga kanga za rangi. Hakuna aliyehitaji kadi ya chama kuelewa walichokuwa wanasema.

Kanga za kampeni zenyewe zina vituko vyake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo 2006. Kuna na kosa la uchapaji: sura ya mgombea huwekwa katikati ya mji, yaani uwanja wa kanga ulio ndani ya pindo. Ukijifunga kiunoni, ncha mbili zinakutana mbele, kwa hiyo katikati ya kanga inaangukia makalioni. Mheshimiwa anakaliwa siku nzima. Jina, yale maandishi ya kanga, kwa kuwa liko chini ya mji, linasomwa na anayekufuata nyuma. Ndiyo maana mafumbo ya kanga yanamfikia mlengwa bila mvaaji kugeuka.

Unanunua sare za shughuli na hutaki kuhesabiwa upande wowote? Usiishie kwenye jina. Tandaza kanga nzima, simama hatua kadhaa nyuma, tazama pindo na mji kwa pamoja. Kijani na njano Tanzania Bara ni CCM hata kama pameandikwa "Mama ni mama". Zambarau Zanzibar, watu watakuuliza habari za chama cha ACT-Wazalendo.