Swiming ya nyuma ya nyumba: maji yanaenda wapi?

Januari, wiki ya kwanza

Nilikuwa nimejiahidi kuandika kila wiki nikaacha, hasira tu. Basi tuanzie hapa. Nyumba tuliyohamia Lang'ata ilikuja na swiming, mita 8 kwa 4, kina ni mita 1 upande wa watoto na 2 ule mwingine, yaani kama lita 48,000, na tulipoikuta vyura walishajua ni kwao. Ukijani niliumaliza Novemba. Kilichobaki ni maji kushuka. Kila asubuhi nakuta tailsi zimejitokeza zaidi ya jana, na kwa bwawa ya hii saizi sentimita moja tu ni lita 320. Lori la maji la lita 10,000 halimalizi siku kumi na linaondoka na elfu saba yangu.

Nikaita mafundi watatu. Wa tailsi akasema ni tailsi. Wa mabomba akagongagonga kando ya ukuta akasema paipu ya chini imepasuka, lazima tung'oe kabro zote mpaka kwa geti ya nyuma. Wa stima akaangalia pampu akacheka, ati hii ni ndogo, nunua ya hosi mbili. Nikiita wa meno si ataniambia ni meno?

Nilimwamini wa tailsi kwa sababu alikuwa na mapicha mengi kwa simu. Elfu kumi na tano ya dipoziti, akaja na kijana wake wakang'oa mistari mitatu upande wa watoto, wakaniachia vifusi hapo kando, akasema anakimbia Industrial Area kuchukua grauti. Hiyo ilikuwa Jumanne kabla ya Krismasi. Mteja hapatikani mpaka wa leo. Mke wangu huniuliza kama hiyo grauti inanunuliwa ama inachimbwa.

Januari, katikati

Nimeacha kuita watu, nimeita ndoo. Unachota maji ya bwawa, unaweka ndoo kwa ile ngazi ya juu ndani ya maji, unaweka jiwe isielee, unahakikisha maji ya ndani na ya nje yako usawa mmoja, unapiga alama kwa maka pande zote mbili halafu unakaa saa 24 bila mtu kuoga na bila kuongeza maji. Jua na upepo vinakula ndoo na bwawa sawasawa. Bwawa ikishuka zaidi ya ndoo, hiyo tofauti ndiyo inavuja.

Siku ya kwanza pampu ilifanya kazi masaa manane kama kawaida: ndoo milimita 6, bwawa 34. Siku ya pili nikazima pampu kabisa: ndoo 6, bwawa 6! Nilirudia kupima nikidhani nimekosea rula. Yaani maji yanapotea pampu ikiwaka tu, bwawa yenyewe haina shida, haijawahi kuwa na shida, na mistari mitatu ya tailsi zangu imelala kwa gunia bure.

Kitu kingine: kuongeza maji ya boho kila mara kumepandisha pH ikafika 8.2. Hapo unaweza kumwaga klorini mpaka uchoke, nguvu yake inakuwa imelala. Naishusha kwa esidi kidogo kidogo, pampu ikiwa inazunguka, mpaka 7.4, ndio natia klorini, na natia jioni kwa sababu hili jua la Nairobi linaimaliza kabla ya lanchi. (Kijana anayenisaidia kufagia alitaka kuchota klorini ya unga na kikombe cha zile tembe za klorini. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Hizo aina mbili zikikutana kavu zinaweza kushika moto, kila moja na kikombe chake.)

Januari, mwisho

Mama mkwe alipanda nduma wakati wa mvua ya Novemba, nyuma ya chumba cha pampu. Nilimwambia kufika Januari zitakuwa zimekauka. Jumamosi nimezunguka huko kutafuta maji yanatokea wapi, nyasi zote zimegeuka kahawia lakini nduma zina majani kama mwavuli. Nikafukua matope na jembe, nikapata mdomo wa ile paipu ya kumwaga maji machafu, na maji yanatoka, masafi kabisa, na mkono wa valvu (ule wa kuchagua maji yapite wapi) uko kwa "filta", yaani yalifaa kurudi kwa bwawa! Nikazima pampu, yakaacha.

Rafiki akanipa namba ya mzee mmoja wa Kawangware. Swali lake la kwanza kwa simu: "Kijana yangu, yanashuka pampu ikiwaka ama ikizimwa?" Karibu nilie. Alikuja na spana moja na bisibisi, akafungua skrubu sita za valvu, akainua kifuniko na kunionyesha raba ya ndani, ile yenye umbo la spoku za baiskeli. Upande mmoja ilikuwa imetoka kwa njia yake, maji yanapenya kwenda kwa nduma muda wote pampu inawaka.

Akauliza nani huzungusha huo mkono bila kuzima pampu. Nikanyamaza. Novemba nikiosha filta nilikuwa nazungusha tu, nani ana saa ya kukimbia kwa swichi kila dakika.

Raba mpya elfu mbili mia nane, leba elfu mbili na mia tano pamoja na fea. Akanikataza kupaka vaselini, inakula raba, akapaka mafuta ya silikoni.

Februari, siku ya nne

Ndoo 5, bwawa 5, pampu ikiwaka masaa manane. Tailsi bado ziko kwa gunia, natafuta fundi ambaye hatachukua dipoziti. Nduma zimeanza kunyauka na mama mkwe amepiga simu kuuliza nimezifanyia nini.