Vanila ya mjomba ndani ya bia nyeusi

Mjomba wangu analima vanila upande wa Mutwanga, kule Beni, chini ya milima ya Ruwenzori. Siku moja alinitumia maganda kumi na mawili ndani ya gunia la unga wa muhogo, na ule unga ulinukia vanila mpaka tulipoumaliza. Mimi hupika bia nyumbani, hapa Goma, kwa kimea cha mtama mwekundu. Sehemu ya kimea naikaanga juu ya mbabula, jiko letu la makaa, mpaka iwe nyeusi kama kahawa, na bia inayotoka ni nyeusi, chungu kidogo, yenye ladha ya nafaka iliyoungua vizuri. Niliponusa yale maganda nilijua pa kuyapeleka. Kilichonichukua muda ni kujua lini na kiasi gani.

Mara ya kwanza niliyachemsha. Nilipasua maganda mawili, nikayatumbukiza kwenye sufuria pamoja na hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, moto wa saa nzima. Majirani walikuja kuuliza kama tuna sherehe, kwa vile walisikia harufu ya keki. Ile harufu waliyoisikia wao ndiyo niliyotaka ibaki kwenye bia. Na ile kidogo iliyobaki, hamira iliimaliza: bia inapochacha, hamira huigeuza vanilini, ambayo ndiyo roho ya vanila, kuwa kitu kingine kisichonukia hivyo. Nilifungua chupa ya kwanza nikakuta bia nyeusi tu, nzuri, lakini ni ile ile ya siku zote.

Mara ya pili nilingoja povu litulie kabisa, nikatia maganda sita kwa mpigo kwenye bidoni lenye lita 15. Kisha nikapanda boti kwenda Bukavu, nikakaa huko siku tisa. Niliporudi nilimpa mama mdogo aonje. Alimeza kidogo, akaweka kikombe chini.

“Mutoto yangu, hii iko sawa manukato ya bibi harusi.”

Ilikuwa kweli. Nilimwaga bidoni zima nyuma ya nyumba, juu ya mawe ya volkeno, na moyo uliniuma. Ua la vanila hufunguka siku moja tu. Mjomba hupita asubuhi na kijiti, anachavusha ua moja moja kwa mkono. Ganda hukaa mtini karibu miezi tisa, halafu linatiwa maji ya moto, linafunikwa litoe jasho, linaanikwa, linafungiwa sandukuni miezi mingine. Nilikuwa nimemwaga kazi ya mwaka mzima na zaidi.

Nikabakiwa na manne. Ganda lililokaushwa vizuri ni jeusi, lina mafuta kidogo, na unaweza kulizungusha kidoleni lisivunjike. Moja lilikuwa kavu, likakatika, nikaliweka kando. Matatu niliyapasua kwa urefu, nikakwangua zile mbegu ndogo nyeusi kwa mgongo wa kisu, nikakatakata maganda yenyewe, vyote nikavitia kwenye chupa ndogo ya kioo pamoja na mililita 100 za ramu nyeupe ya asilimia 40. Rafiki alinishauri nitumie kanyanga, pombe kali ya kienyeji, kwa kuwa ni rahisi. Nilikataa: kanyanga inakuja na harufu yake, na ukali wake hakuna aujuaye. Ramu ya dukani huvuta harufu ambayo bia peke yake ingechelewa kuitoa, tena huua vijidudu vilivyoshika kwenye ganda. Niliificha kabatini wiki mbili, nikiitikisa kila asubuhi, mpaka ikawa na rangi ya chai kali.

Wakati huo nikapika bia mpya. Maji kwetu ni habari ndefu. Yale ya ziwa yanayoletwa kwa chukudu, kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo, mara nyingi hutiwa klorini pale pale yanapotekwa, na klorini ikikutana na kimea huacha ladha ya dawa ya hospitali ambayo hakuna vanila itakayoifunika. Kwa hiyo nayaacha wazi usiku kucha, asubuhi nayachemsha kabla hayajagusa kimea. Kitu kingine nilichobadilisha ni kimea kilichokaangwa: nilishuka kutoka gramu 500 hadi 300, kwa sababu uchungu wa makaa ulikuwa unaifukuza vanila mdomoni. Mengine niliyaacha kama kawaida.

Bia ilipomaliza kuchacha na hamira kuzama chini, nilikwenda duka la dawa nikanunua sirinji ya mililita moja, bila sindano. Nikapanga glasi nne, kila moja na mililita 100 za bia. Ya kwanza nikatia mililita 0.2 za ile ramu ya vanila, ya pili 0.4, ya tatu 0.6, ya nne 0.8. Mama mdogo alikaa mbele yangu, tukaonja kimya, tukisuuza mdomo kwa maji kila mara. Ya kwanza hatukusikia kitu. Ya nne ilirudi kule kwa bibi harusi. Ya pili ndiyo sote wawili tuliirudia: kwanza inakuja nafaka iliyokaangwa, halafu nyuma yake kitu laini, kama maziwa yenye kahawa. Mama mdogo aliapa kwamba nimetia sukari. Vanila kidogo namna ile haina sukari ya kuhesabika. Pua ndiyo huuambia ulimi kwamba kuna utamu.

Hesabu ni nyepesi. Mililita 0.4 kwa kila mililita 100 ni mililita 60 kwa lita 15. Mimi nilitia 75. Ndani ya chupa hamira iliyobaki huamka tena kwa ajili ya gesi, na vanila hupungua kidogo kidogo kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo ni afadhali siku ya kufunga chupa izidi kidogo. Ile ramu niliichuja kwa kitambaa kilichochemshwa, nikaichanganya na bia pamoja na gramu 90 za sukari iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, nikajaza chupa 20 za sentilita 72.

Baada ya wiki mbili ilikuwa bado inasema vanila kwa sauti. Wiki ya tano ikatulia, na hapo ndipo ninapoipenda. Chupa mbili nimezifunga kwa nguo ndani ya katoni, zinasubiri mtu anayekwenda Beni. Mjomba amelima vanila miaka mingi na yote huiuza. Ameniambia kwenye simu kwamba hajawahi kuionja ndani ya kitu chochote.