Usiku wa kipupwe Njombe: joto kwanza, nyota baadaye

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai baridi yake haina utani. Kinacholeta baridi hiyo ndicho kinacholeta uzuri wake: hewa kavu na anga lisilo na wingu. Wingu ni blanketi. Likikosekana, joto la mchana hupaa na hewa baridi hutelemkia mabondeni. Ndiyo maana nyumba ya bondeni huamka na sakitu, barafu nyembamba, kwenye majani, wakati ya kilimani ina umande tu.

Funga madirisha saa kumi na moja jioni, kuta zikiwa bado na joto la jua. Ziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia lililokunjwa. Kitandani watu hurundika mablanketi juu wakasahau chini, kumbe godoro jembamba linapitisha baridi. Blanketi moja litandike chini ya shuka. Chupa ya mpira ya maji moto ijazwe theluthi mbili, ibanwe hewa itoke, kisha ifungwe kwa taulo. Usitie maji yanayotokota: yanachosha mpira na kuunguza miguu.

Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama mkaa umekolea vizuri. Mkaa usio na moshi ndio mdanganyifu zaidi, maana sumu yake haina harufu wala haikoholeshi. Kichwa kikianza kuuma na kizunguzungu kikaingia, tokeni nje wote, mara moja.

Sasa chai. Kwa vikombe vinne, ponda tangawizi mbichi ya ukubwa wa dole gumba, uichemshe dakika kumi kwenye vikombe viwili vya maji. Hapo ndipo utie maziwa vikombe viwili. Wanaotia tangawizi mbichi kwenye maziwa ya vuguvugu hulaumu ng'ombe yakikatika, na ng'ombe hana kosa: tangawizi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kuchemsha kwanza hukiua. Majani vijiko viwili vya chai, mwisho, dakika tatu. Yakiwa ya hapo hapo Njombe, ya mashamba ya Luponde, bora zaidi.

Mimina kwenye chupa ya chai, zima taa, toka uani usiku usio na mwezi. Macho yanahitaji dakika ishirini kuzoea giza; ukiwasha simu mara moja tu, unaanza upya. Katikati ya Julai, kwenye saa nne usiku, kundi la nyota la Nge liko juu sana, mkia umepinda, na nyota nyekundu Antares kifuani. Njia Nyeupe, ule utepe wa nyota, inapita hapo hapo, pana kama moshi wa shamba linalochomwa.

Kilimia, kundi dogo la nyota ambacho wakulima walikitazama kujua msimu, huchomoza mashariki mnamo saa tisa na nusu usiku. Usikikodolee macho, kitafifia. Tazama pembeni yake kidogo, nyota zake zitaongezeka.