Aplikesheni ya kisukari haiujui ugali wako

Wenye kisukari aina ya pili wengi hupakua programu kama mySugr au MyFitnessPal, wakaandika wiki moja, wakaacha. Wasilaumiwe. Programu hizo zimetengenezwa mbali, na hazijui kinachopikwa jikoni kwako. Zirekebishe kwanza, ndipo zikusaidie.

Anza na kizio. Kliniki za Tanzania na Kenya husoma sukari kwa mmol/L (milimoli kwa lita), ilhali programu nyingine huja zimewekwa mg/dL (miligramu kwa desilita). Mmol/L 1 ni sawa na mg/dL 18. Ukiandika 7.8 kabla ya kubadilisha mipangilio, simu itadhani sukari yako imeshuka vibaya, na grafu yote itaharibika.

Kazi kubwa iko kwenye chakula. Ukitafuta ugali utapata majibu kadhaa yaliyoingizwa na watumiaji wengine, kila moja na wanga wake, kwa kuwa ugali laini una maji mengi kuliko mgumu. Hesabia unga. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga, kwa hiyo nusu kilo ina 375. Songa ugali, uupakue, uupime kwa mizani ya jikoni (ondoa uzito wa sahani). Ukiwa na gramu 1,500, basi kila gramu 100 za ugali huo zina wanga gramu 25. Uhifadhi kama chakula chako mwenyewe, na kila siku tumia kipimo kilekile cha unga na maji. Pande la gramu 400, ambalo wengi huliona la kawaida, lina wanga gramu 100. Hapo utajua pa kupunguza.

Kwa chapati, wali wa nazi na mboga za kukaanga, andika na mafuta. Kijiko kimoja cha mezani kina karibu kalori 120, na ndicho kinachosahaulika zaidi na wanaotaka kupungua. Kwa maharage, ndizi na vyakula vingine vya kwetu, chukua namba kwenye majedwali ya virutubisho ya Tanzania ya 2008 au ya Kenya ya 2018.

Sasa vipimo. Namba moja, tuseme 11.2, haina maana kama hujui ilipimwa lini. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza, na zote mbili uziambatanishe na mlo huo. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10.0 baadaye, ila fuata lengo ulilopewa na daktari wako. Vijiti vya kupimia ni ghali, basi chagua mlo mmoja tu: leo ugali gramu 400, kesho 200 kwa mboga ileile, ulinganishe. Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe, maana maji ya embe kidoleni hupandisha namba. Kopo la vijiti lifungwe na likae mbali na joto na unyevu.

Uzito upime asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya chai, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Tazama wastani wa wiki, kwani maji na chumvi hutosha kuusogeza kwa kilo nzima. Kwa mwenye kilo 90, kupungua 4.5 tayari kunasaidia sukari. Zima kipengele kinachokurudishia kalori ulizotembea. Makadirio yake mara nyingi huzidi.

Hapa nasisitiza: ukitumia glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) au insulini, usikubali kikomo cha kalori kilichopangwa na programu kabla ya kuonana na daktari. Ukila kidogo na dozi ikabaki ileile, sukari itaanguka. Ikifika chini ya 3.9, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia.

Kikumbusho cha dawa kikikaa kimya, kagua hali ya kuokoa betri, kwani simu nyingi za Android huzima programu zisizofunguliwa. Iruhusu hiyo moja ifanye kazi wakati wote. Siku moja kabla ya kliniki, toa ripoti ya siku 14 kwa PDF na utie alama kwenye milo miwili iliyopandisha sukari zaidi. Daktari aanze na hiyo.