Julai, mwezi wa kumjua tajiri

Julai huku Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ni mwezi wa neema na wa hasara kwa pamoja. Mahindi yametoka shambani, baridi imekaza, na fuso zimejipanga kando ya lami kuanzia Uyole hadi Igawa zikisubiri magunia. Kila nyumba ina mazao, na ndiyo maana bei iko chini. Kaya mbili zilizovuna gunia 20 kila moja ukizitazama leo zinalingana. Lakini moja itauza wiki hii, nyingine itauza Februari. Kwangu mimi, jibu la swali la tajiri ni nani limejificha hapo kuliko kwenye orodha za mabilionea tunazotumiana kwenye simu.

Tarakimu za dunia ni za kutisha, na ni vizuri kuzijua. Ripoti ya Ukosefu wa Usawa Duniani ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 10 ya watu wazima walio juu wanamiliki asilimia 76 ya mali yote, na nusu nzima ya chini inagawana asilimia 2. Kwenye kipato pengo ni dogo zaidi: wa juu asilimia 52, nusu ya chini asilimia 8.5. Kipato ni kile kinachoingia, mali ni kile kilichobaki baada ya kula, kulipa na kuuguza. Anayemaliza chote kinachoingia hana cha kubakiza, hata afanye kazi kwa bidii gani.

Mali katika hesabu hizo ni kila unachomiliki kwa bei ya leo, toa kila unachodaiwa. Mwaka 2018 benki ya Uswisi ya Credit Suisse ilikadiria kwamba mtu mzima mwenye mali halisi ya dola 4,210 tu alikuwa ameshaingia nusu ya juu ya dunia. Kwa kiwango cha fedha cha mwaka ule ni kama shilingi milioni 9 na nusu. Kwa kipimo hicho, mzee wa Kilolo mwenye nyumba ya tofali za kuchoma, ekari kadhaa za misindano na ng'ombe wawili wa maziwa anaweza kuwa nusu ya juu, na daktari kijana wa Marekani aliyetoka chuo na deni kubwa la masomo yuko chini ya sifuri. Hesabu si ya uongo, ila inaacha jambo kubwa nje. Daktari yule benki itamkopesha nyumba akiwa bado anadaiwa. Mzee wetu, mtoto akiugua usiku, atauza misindano kwa bei ya yeyote atakayetangulia kufika na pesa.

Chukua bei hizi kama mfano tu, maana kila msimu una zake: gunia la kilo 100 ni shilingi 45,000 Julai na 80,000 Februari. Kaya ya watu wanane inahitaji kama gunia 8 za chakula kwa mwaka. Imevuna 20. Deni la mbolea limeiva, michango ya shule inadaiwa, bati za nyumba zimeahidiwa, basi inauza 15 na kupata 675,000. Zinabaki 5. Februari ghala ni tupu na inanunua gunia 3 kwa 240,000. Matatu hayo hayo iliyauza kwa 135,000.

Mimi huo nauita mkopo. Aliyenunua Julai ameikopesha kaya 135,000, nayo imerudisha 240,000 baada ya miezi saba. Nyongeza ya 105,000 ni asilimia 78, yaani kama asilimia 11 kwa mwezi. Hakuna aliyetia saini na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Benki Kuu iliweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea amana, na tunapiga kelele, kwa haki kabisa, juu ya mikopo ya kausha damu inayovuka kikomo hicho. Gunia la Julai linavuka mara tatu na hatulisemi.

Sasa geukia upande wa pili. Aprili 2022 riba ya hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani mkopo ambao serikali inachukua kwa wenye akiba, ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10 kwa mwaka, na wengi mijini walisikitika. Lakini hiyo 12.10, ambayo mwenye akiba aliyenunua wakati ule anapokea kwa mwaka mzima akiwa amekaa, inakaribiana na ile 11 ambayo mwenye gunia tatu anailipa kwa mwezi mmoja. Aliye juu analipwa kwa kungoja. Aliye chini anatozwa kwa kushindwa kungoja. Kwa miaka 20 pengo hilo halihitaji wizi wala uvivu wa mtu yeyote ili liwe lile la 76 kwa 2.

Ukishaliona kwenye mahindi utaliona kila mahali. Misindano Mufindi na Njombe hupandwa mita 3 kwa 3, kama miti 450 kwa ekari, na ujazo wa mbao wa mti unaongezeka zaidi miaka ya mwisho kuliko ya mwanzo. Mkulima mwenye shida anauza shamba likiwa na miaka 7 au 8. Mbao zake ni nyembamba, mti bado mchanga, zinapinda zikikauka, na mnunuzi anajua hivyo anapotaja bei. Aliyelinunua akilikalisha miaka mingine kumi anavuna kitu tofauti kabisa kwenye udongo ule ule. Kahawa nayo: bei ya arabika inafuata soko la New York, inakohesabiwa kwa senti za dola kwa ratili, na kampuni kubwa zinaweza kufunga bei miezi mingi kabla. Mkulima wa Mbinga anayeuza kwa magoma anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa sababu njaa haisubiri mavuno. Kupiga marufuku magoma bila kumpatia mtu pesa wakati wa njaa kunamwongezea maumivu tu, maana mnunuzi sasa anakata bei zaidi kufidia hatari ya kukamatwa. Nchi nazo ni hivyo hivyo. Tajiri inakopa kwa fedha yake yenyewe na kwa riba ndogo. Maskini inakopa kwa dola, na shilingi ikishuka, deni linapanda bila nchi kukopa hata senti nyingine.

Kwa hiyo kipimo ninachokiamini ni miezi ya kungoja. Orodhesha pesa taslimu, akiba ya kwenye kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) unayoweza kuitoa, chakula cha ghalani, na mifugo unayoweza kuuza bila kuharibu kazi. Toa madeni yanayoiva ndani ya mwaka. Gawanya kwa matumizi ya kaya ya mwezi. Ukipata 2, una miezi miwili ya kukataa bei mbaya. Ukipata 8, wewe Julai hupangiwi bei.

Makosa ya hesabu hii ni yale yale kila nyumba. Watu wanahesabu shamba, ambalo ukiliuza umeuza na mwakani. Wanahesabu maksai wa kulimia. Wanasahau deni la dukani kwa sababu halijaandikwa, na wanasahau kabisa msiba na ugonjwa, wakati hayo ndiyo yanayomaliza akiba nyingi. Weka mwezi mmoja wa matumizi pembeni kwa ajili hiyo kabla hujagawanya. Ardhi yenyewe ina nguvu tofauti: ikiwa na hati ya hakimiliki ya kimila, yenye majina ya mume na mke na kuandikwa kwenye masjala ya ardhi ya kijiji, inaweza kuwa dhamana. Bila hati, majirani wanaijua mipaka lakini benki haiijui.

Kuongeza miezi ya kungoja kunaanzia kwenye mahindi, na hapa wengi wanaumia kwa vitu vidogo. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, na yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Bila kipimo, tumia chumvi. Kausha chumvi juani au kwenye kikaango, jaza theluthi ya chupa kavu ya kioo kwa mahindi, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi, ziba, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isiposhika, umeshuka chini ya 15 lakini huenda bado hujafika 13.5, basi anika siku nyingine moja au mbili. Huku kwenye ukungu wa Umalila na Tukuyu, siku hizo mbili ndizo watu wanaziruka, na kuvu inaanza katikati ya gunia usikoona. Mahindi yenye sumukuvu ukiyala yanadhuru ini, na kuyapika hakuondoi sumu.

Kisha mfuko. Ile ya tabaka tatu ina mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na kiroba nje. Kabla ya kujaza, pulizia hewa kila mfuko wa ndani, kamata mdomo, ubane na usikilize. Ukisikia hewa inatoka, una tundu. Pepeta vizuri, maana vipande vya magunzi ndivyo vinavyotoboa. Jaza mfuko wa ndani kabisa huku ukishindilia ili hewa itoke, sokota shingo, kunja, funga kwa kamba. Fanya hivyo kwa wa pili, kisha kiroba, kila kimoja peke yake. Dumuzi, wale tunaowaita skania, hufa kwa kukosa hewa ndani ya mfuko bila dawa. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, fukuza panya, na usiufungue kuangalia angalia. Kila ukifungua, unawarudishia hewa.

Lakini mfuko peke yake hauzuii mtu kuuza, kwa kuwa deni la Julai liko pale pale. Hapo kikoba ndicho chenye nguvu. Vikundi vingi huvunja, yaani hugawana akiba, mwezi wa Desemba, pesa inaishia kwenye sikukuu, na Julai mwanakikundi anamkimbilia mlanguzi. Ningependa vikundi vya huku vivunje mwishoni mwa Juni. Au visivunje, ila vikopeshe juu ya mazao: gunia zinapimwa, zinaingia ghala la kikundi lenye kufuli tatu na watu watatu wa funguo kama lilivyo sanduku la akiba, na mwenye gunia anapewa nusu ya bei ya Julai kwa riba ya kikundi. Kwenye mfano wetu ni 22,500 kwa gunia. Kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, miezi saba ni 3,150. Linganisha na ile 35,000 iliyopotea kwa kila gunia.

Nusu, isizidi. Bei inaweza isipande. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kwenda nje ya nchi, bei huku iliporomoka, na waliokuwa wamekopa juu ya mazao yao waliumia vibaya. Mwenye deni la nusu anaweza kuuza kwa hasara ndogo na bado akalipa. Mwenye deni la robo tatu anapoteza gunia na urafiki.

Na kuna watu ambao ghala haliwagusi kabisa: kibarua wa chai Mufindi anayelipwa kwa kilo ya majani, mama anayepanga chumba Mwanjelwa, kijana asiye na ekari. Hao hawana cha kungojea Februari. Februari ndiyo inawangoja wao, na bei tunayoifurahia sisi wenye ghala ndiyo wanayoila. Hili linanichoma, na sioni haki kulifumbia macho huku nikishangilia gunia la 80,000. Kikundi chenye gunia 100 kikiamua tangu Julai kwamba 10 zitauzwa kijijini Januari na Februari kwa bei ya Julai pamoja na riba na gharama za mfuko, kila gunia litasaidia kaya isiyo na shamba. Kiamuliwe kwenye mkutano na kiandikwe kwenye daftari, majina yapangwe kabla ya njaa, na mahindi hayo yapimwe kilo kwa kilo kwenye mizani, si kwa debe lililobonyea.