Artesunate, kwinini na daraja la ushahidi

Ewe unayehudumu zahanati ya Malindi, ukifungua mwongozo wa malaria usiishie kwenye dozi. Tazama daraja la ushahidi, yaani ushahidi unaaminika kiasi gani: juu, wastani, chini au chini sana.

Majaribio yaliyogawa wagonjwa kwa bahati nasibu huanzia juu. Tafiti za kuangalia tu huanzia chini. Daraja hushuka utafiti ukiwa na upendeleo, matokeo yakigongana, idadi ikiwa ndogo, au tafiti zisizopendeza zikifichwa. Sababu ya tano ndiyo inayosahaulika sana: waliochunguzwa si wagonjwa wako.

Chukua malaria kali. Mwaka 2005 jaribio la Asia lilionyesha dawa ya artesunate inaokoa maisha zaidi kuliko dawa ya zamani, kwinini, lakini wengi walikuwa watu wazima. Je, mtoto wa pwani yetu? Jibu lilikuja 2010: watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Vifo vilikuwa 8.5% kwa artesunate, 10.9% kwa kwinini. Yaani katika kila watoto 1,000, 24 zaidi waliishi. Nami naona hesabu hiyo inaeleweka kuliko asilimia. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) likabadilisha pendekezo lake kwa watoto: artesunate badala ya kwinini.

Nguvu ya pendekezo ni jambo jingine. Hupimwa pia kwa madhara, gharama na matakwa ya mgonjwa, kwa hiyo ushahidi wa chini waweza kubeba pendekezo zito pale kuchelewa kunapoua.